Kamba ya Ng'ombe wa Mama

Mimi sikurithi kitu isipokuwa kihamba, shamba la ukoo lenye migomba, na hicho nilikipata kwa sababu nilizaliwa wa mwisho, kama desturi yetu inavyotaka. Mengine yote niliyatafuta mwenyewe. Nilikwenda Zambia na sanduku la bati lililofungwa kwa kamba ya nailoni, nikabeba vyuma kwenye migodi ya shaba mchana na kusoma jioni, mpaka nikapata diploma ya majokofu na viyoyozi. Wengi niliokwenda nao walirudi na redio. Mimi nilirudi na diploma, pikapu, na boksi la vifaa ambavyo fundi mwingine wa Moshi alikuwa hajawahi hata kuvishika.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na friji za mitumba zilikuwa zinamiminika kupitia mpaka wa Holili, nyingi zikiwa mbovu. Mabucha, baa, mahoteli, wote walikuja kwangu. Nasema bila aibu kwamba friji niliyoitengeneza mimi haikurudi kwa fundi.

Kwa kazi hiyo nilijenga nyumba ya matofali juu ya kihamba chetu, kwenye mteremko ulio juu ya Himo, hatua chache kutoka nyumba ya zamani ya baba. Niliweka dari, vigae sebuleni, jiko la gesi na friji mbili. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alikataa kuhamia kwangu. Alibaki kwenye nyumba ya zamani na ng'ombe wake, ukuta mmoja tu ukiwatenganisha.

Kwetu ng'ombe hachungwi. Migomba imejaa mpaka mlangoni, hakuna pa kumchungia. Anafungwa ndani, analetewa chakula kama mgonjwa: majani, mabua, mgomba uliokatwakatwa. Majani mazuri yako chini, tambarare, na wanawake huyafuata huko na kupanda nayo mlima kichwani. Mama alifanya hivyo tangu alipoolewa. Mwaka ninaousimulia, aliteleza kwenye mtaro wakati wa mvua, mzigo ukamlalia. Jirani alimkuta amekaa kwenye matope, anacheka, lakini goti lilikuwa limevimba kama papai.

Nikaamua ng'ombe auzwe.

"Mama, huyu ng'ombe atakuua," nilimwambia.

"Si aniue. Ataniua nikiwa kijana?"

"Maziwa nitakuletea ya pakiti kutoka mjini. Kila siku."

"Ya pakiti." Alilirudia neno lile taratibu, kama anayeonja chumvi. "Na hiyo pakiti inatoa mbolea ya migomba?"

Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na hapendi kuingilia, safari hiyo aliingilia. "Baba watoto, mwache mama na ng'ombe wake."

"Goti lile umeliona?"

"Nimeliona. Na yeye nimemwona."

Sikumwelewa, au sikutaka. Mama mwenyewe ndiye aliyemaliza maneno. Alisimama, akajishika goti, akasema, "Kihamba ni chako. Ukisema auzwe, atauzwa." Akatoka. Niliona nimeshinda. Nikakubaliana na dalali mmoja wa mnadani Himo aje baada ya wiki mbili kumchukua.

Kabla wiki mbili hazijaisha, mgongo wangu ukakatika. Nilikuwa naitoa mashine ya friji ya bucha moja, kitu ambacho nilikuwa nimekifanya mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, nikasikia kitu kinaachia kiunoni, nikabaki nimeinama. Daktari aliniambia nilale juu ya ubao, nisinyanyue hata kikombe. Mke wangu alitafuta mbao zilizobaki tulipoweka dari, akazipanga sebuleni chini ya dirisha, juu yake akatandika blanketi. Marafiki waliokuja kuniona walifurahi sana. "Fundi wa baridi," walisema, "safari hii umegandishwa wewe."

Dirisha lile linatazama nyumba ya mama.

Lazima nieleze kwamba mpaka siku ile nyumba yangu niliijua ya Jumapili tu. Siku za kazi niliondoka giza halijaisha na kurudi giza limeshaingia. Jumapili nyumba huvaa nguo za kutokea: kuna wageni, vitambaa vyeupe kwenye makochi, watoto wameonywa. Sikuwahi kuiona Jumanne saa nne asubuhi.

Sasa nililala nikaisikia. Kwanza ulikuja mlango wa mama, ambao ulikuwa umelegea bawaba na ukiburuza chini, kwa hiyo alipoufungua ulitoa mlio mrefu kama mtu anayejinyoosha. Halafu sauti yake akizungumza na ng'ombe kwa Kichagga. Alikuwa anamkaripia. "Geuka. Geuka basi, mama yangu, unanikanyaga." Ni sauti ileile aliyotumia kutuogesha sisi. Halafu maziwa: yale ya kwanza yanagonga bati kwa ukali, na kadiri ndoo inavyojaa mlio unakuwa mzito na mpole, mpaka unakuwa kama mtu anayenong'ona.

Upande wetu mke wangu aliwasha gesi. Watoto waligombania kiatu, wakapatana, wakagombania kingine. Mke wangu akawaambia maneno ambayo nadhani huwaambia kila siku, kwa sababu waliyamalizia pamoja naye wakicheka. Halafu wote wakatoka kwenda shule, na kikashuka kimya ambacho sikujua kama tunacho. Ndani ya kimya hicho mama alikata mgomba kwa panga, chap, chap, kule nyuma. Moshi wa jiko lake ukapita dirishani. Mvua ikanyesha juu ya bati nililolinunua mimi, na kwa mara ya kwanza nikausikia mlio wa bati langu.

Nilikuwa nimezoea haya yote kama mtu anavyozoea mlio wa friji. Hakuna anayeusikia ukiwa unakwenda. Huwa nasimuliwa na wateja: mtu anashtuka usingizini, hajui kilichomwamsha, anakaa kitandani, ndipo anagundua kwamba friji imenyamaza.

Ikifika saa nne asubuhi hivi, mama alivuka ua na bakuli la mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, lililofunikwa kwa sahani, na kibuyu cha maziwa ya mgando kwapani. Alivua ndala mlangoni ingawa nilishamwambia vigae vimewekwa ili vikanyagwe. Akakaa kwenye kochi, pembeni kabisa, akanitazama ninakunywa. Hakuondoka mpaka nimemaliza. Alinipa habari: mgomba gani umeanguka na mkungu wake, nani ameposa, mchungaji amehubiri nini na kwa nini hakumwelewa. Siku nyingine alikaa tu, mikono mapajani, akiisikiliza friji yangu ikinguruma jikoni. "Huyu wako naye anacheua," alisema siku moja.

Nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mama alikuwa amekaa kwenye kochi langu siku isiyo Jumapili. Sikukumbuka, kwa sababu haikuwepo. Lakini maziwa alikuwa anayaleta kila siku tangu nyumba ilipokwisha. Alikuwa akinikuta uani, injini ya pikapu inapashwa moto, akanipa kikombe, nikanywa nimesimama, kikombe nikakiweka juu ya boneti, nikashika usukani. Yeye akakichukua na kurudi kwake. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaonana.

Nikaanza kujiuliza: ng'ombe akiondoka, atavuka ua na nini? Maziwa ya pakiti nitayanunua mimi, nitayaweka kwenye friji yangu mimi, na ataletewa yeye. Hatakuwa na cha kuleta. Na mtu wa aina ya mama hawezi kuingia nyumba ya mwanawe mikono mitupu kila siku. Angekuja Jumapili, akakaa pembeni ya kochi kama mgeni.

Hata hivyo goti lilikuwa bado lina uvimbe, na sikuwa nimekosea kuhusu goti. Kwa hiyo sikubadili uamuzi, na siku ya mnada ikafika.

Dalali alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye kofia ya sufu hata juani. Alimsalimia mama, "Shikamoo, mama," akaitikiwa, halafu akachungulia dirishani kwangu.

"Bosi! Nimekuja kununua ng'ombe, nakuta mwenye mali ndiye aliyelazwa."

"Mtazame wa huko zizini. Mimi siuzwi."

"Hata ungeuzwa, kwa mgongo huo ningepata hasara."

Alikwenda kumtazama. Nilimsikia akimpiga ng'ombe makofi ya kirafiki, akimsifia kiwele kwa sauti ndogo ili bei isipande. Alikuwa amekuja na kamba yake, kwa sababu kwetu ng'ombe akiuzwa kamba haiendi naye. Mnunuzi anamvisha ya kwake, na ile ya zamani inabaki kwa muuzaji, ili ng'ombe wengine waweze kuja. Ukiiachia kamba umeliachia na zizi.

Mama aliingia sebuleni bila bakuli wala kibuyu. Alikuwa na kamba mkononi.

"Kamba hii hapa," alisema. "Anayeuza ndiye anayeishika." Akailaza juu ya kifua changu, akaenda kusimama pembeni.

Nilidhani ni kamba moja. Zilikuwa tatu. Mwanzo ulikuwa wa katani, umesokotwa kwa ule msokoto wa baba, mgumu na wa kubana, umelainika mpaka unang'aa. Katikati, pale ilipokatika wakati fulani, mama alikuwa ameunga kwa kipande cha kanga kilichosukwa kama nywele. Na mwisho wake, upande unaofungwa kwenye nguzo, ilikuwa ni kamba ya nailoni ya kijani. Niliigeuza mara mbili kabla sijaitambua. Ni ile niliyofungia sanduku langu la bati kwenda Zambia na kurudi. Mimi nilikuwa nimeitupa siku niliyofika.

Nje, dalali alikuwa anamvuta ng'ombe, naye amekataa kuvuka kizingiti. Mama hakutoka kutazama. Alichukua ufagio akaanza kufagia vigae ambavyo mke wangu alikuwa ameshavifagia.

"Mama, unafagia nini?"

"Nafagia."

"Kesho asubuhi utaamkia nini?"

"Nitaamka tu. Macho si yatafumbuka?"

"Halafu?"

Ufagio ulisimama. Alifikiri kwa kweli, kama mtu aliyeulizwa njia. "Halafu nitakaa," alisema.

Nilipaza sauti dirishani mpaka mgongo ukanichoma. "Mrudishe! Mrudishe ng'ombe ndani!"

Dalali alikuja, kofia mkononi. "Bosi, ni wewe unayesema au ni mgongo?"

"Ni mimi."

"Nimetoka Himo asubuhi hii kwa ajili yako!"

"Hutarudi mikono mitupu. Mama atakupa mkungu wa ndizi, na mtori unywe kwanza."

Aliunywa bakuli mbili, akinilaumu kati ya kijiko na kijiko, na akaondoka na mkungu mkubwa kuliko niliokusudia. Mama aliniinamia kuchukua kamba. Alikuwa na wasiwasi. "Utayafuta vipi maneno yako mbele ya watu? Mtu mzima kama wewe?"

"Diploma yangu inaruhusu."

Alicheka mpaka akashika goti. Nilimsikia akivuka ua bado anacheka, na akimweleza ng'ombe.

Goti sikulisahau. Nilipoweza kusimama nilitoa mibuni iliyokuwa imezeeka upande wa chini wa kihamba, ambayo kwa bei ya kahawa ya wakati ule ilikuwa inatutia hasara tu, nikapanda majani ya tembo ya kulishia ng'ombe, yakakua hatua chache kutoka zizini. Halafu nilichukua mota ya mashine ya kufulia iliyokufa, nikaiunga na visu, nikatengeneza mashine ya kukatia majani na migomba. Sijaona nzuri kuliko ile. Watu walipanda kutoka vijiji vya chini kuja kuitazama. Mama aliikataa kwa siku za mwanzo, akisema inamtisha mwenzake wa zizini. Baadaye nilisikia anawaeleza akina mama wa kanisani jinsi inavyofanya kazi, na alieleza vizuri, ila alisema diploma yangu niliisomea mashine hiyo.

Maziwa nilianza kuyanywa nimekaa. Alfajiri ya kwanza niliporudi kazini, mama alikuja uani akakuta injini haijawashwa, nami niko jikoni. Akaingia, akakaa. Nilipomaliza nilimrudishia kikombe, nikasema, "Aika, mae." Ni asante, mama, ya kawaida tu ya Kichagga, watu husema siku nzima barabarani. Lakini nyumbani kwetu hatukuwa na mazoea ya kushukuriana kwa maziwa. Aliweka kikombe chini, akanigusa paji la uso kwa kiganja.

"Mgongo umekuanza tena?" akauliza.

Mke wangu aligeukia sufuria kuficha kicheko. Na yeye nilipomshukuru kwa chai siku ileile, aliniuliza nimefanya kosa gani mjini. Nikaona ni kazi itakayochukua muda, kama kazi zangu zote nzuri.

Mlango wa mama bado unaburuza. Mke wangu hunicheka: fundi anayeaminiwa na mahoteli ya Moshi, bawaba mbili zimemshinda. Hazijanishinda. Kila alfajiri naamka mapema, nakaa ukingoni mwa kitanda, miguu ikiwa haijagusa sakafu, nasubiri. Mlango ukishaburuza, nakanyaga chini.