Kikombe cha Pili

Wiki iliyopita, kwenye nyumba ya wageni ninakofanya usafi, Remera, hapa Kigali, mgeni mmoja aliniita nionje chai yake. Alisema inaitwa oolong, chai ya milima mirefu ya kwao Asia, na majani yake yamekaushwa juu ya makaa. Yalikuwa yamejikunja kama punje za pilipili manga. Nilipiga funda moja, nikaweka kikombe chini na kutoka nje. Chai haikuwa na ubaya wowote. Ni kwamba nilikuwa nimerudi uani kwa bibi, Nyamirambo, mwaka wa tisini na nne.

Wewe uliyekulia mitaa ile utakumbuka harufu zake za asubuhi: mandazi, mafuta ya cherehani, udi siku ya Ijumaa. Kwetu kulikuwa na harufu moja zaidi. Mjomba, dereva wa lori la kiwanda cha chai huko milimani kwenye ukungu, alituletea majani ambayo hayajakauka vizuri. Bibi aliyamwaga kwenye sinia la bati juu ya mbabura, lile jiko letu la mkaa, akaacha moto ufunikwe na majivu, akayageuza kwa mkono mtupu. Kazi yangu ilikuwa kupepea taratibu na kunyamaza. "Ukiongea, moto unachangamka," alikuwa akisema. Kunyamaza nilikuweza bila kufundishwa. Chai yenyewe watoto hatukupewa. Aliiita dawa ya wakubwa, nyeusi, bila sukari, na mtaa mzima ulilijua hilo.

Mwezi wa nne wa mwaka ule tukafungiwa. Karibu na geti letu vijana waliweka kizuizi, wakawa wanawasaka Watutsi nyumba kwa nyumba na kuwaua. Jirani yetu, dada mshonaji aliyekuwa akinishonea sare za shule, aliruka ukuta wa nyuma akaingia kwetu. Bibi hakumuuliza kitu. Alimweka stoo, nyuma ya magunia ya mkaa, akasukuma komeo la nje.

Sikwenda shule, sikwenda dukani, hata dirisha sikuruhusiwa kulisogelea. Nilisikiliza filimbi za kizuizini, nikajizoesha kupumua bila sauti. Asubuhi tu, vijana wakiwa bado wamelala na ulevi wao, bibi alimtoa jirani akae karibu na mbabura anyooshe miguu. Wakanywa chai.

"Mama, chai yako inanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya suruali," jirani alinong'ona.

"Basi usinywe."

"Nikiacha hii nitakunywa nini, mkaa?"

Wakacheka kwa mabega tu.

Asubuhi moja geti likagongwa mapema. Jirani akatambaa hadi stoo, nikasukuma komeo. Niliporudi kupepea, vijana wawili walikuwa wameshaingia na mapanga yao. Mmoja tulimjua. Zamani alikuwa anakuja kununua mandazi ya bibi.

"Bibi, iko chai?"

"Iko. Kaeni."

Yule tuliyemjua hakukaa. Alikuwa anatazama chini, penye vikombe viwili, vyote vinatoa mvuke.

"Hii kikombe ya pili ni ya nani?"

Bibi alikuwa mwepesi wa maneno, lakini safari hii aliinama akageuza majani kwenye sinia. Mimi, ambaye hata mwalimu alinihesabu kama bubu, nikanyoosha mkono, nikakichukua kile kikombe na kunywa.

"Tangu lini mtoto anakunywa dawa?"

"Maziwa iko wapi siku hizi?" bibi akasema. "Anakunywa ile tunakunywa."

Kijana akachuchumaa mbele yangu. "Maliza."

Ilikuwa ya moto. Kwanza nilionja moshi, na ukali uliokausha ulimi. Machozi yakaja, nikayazuia, maana mtoto aliyezoea chai halii. Kisha kitu kama karanga zilizokaangwa. Mwisho kabisa, nilipofika kwenye majani ya chini, utamu ukapanda kutoka kooni, nikaogopa zaidi, sijui kwa nini. Nikampa bibi kikombe.

"Niongeze," nikasema.

Yule mwenzake akacheka. "Bibi, huyu umeshamharibu." Wakanywa ya kwao wakiwa wima, wakaondoka. Sisi tulibaki tumekaa vilevile mpaka makaa yakazima.

Jirani alitoka mwezi wa saba, vijana wa kizuizini walipokwisha kukimbia. Miguu ilikataa kunyooka. Alisimama uani ameshika ukuta, macho ameyafumba kwa sababu ya jua. Baadaye aliolewa mbali na Kigali, akazaa. Siku alipoondoka kwetu, bibi alichukua nyundo, akang'oa mlango wa stoo na bawaba zake, akaupasua kuni. Mkaa ukanyeshewa msimu mzima, asijali.

Sasa bibi hayupo. Ule ua umekuwa ghorofa, mjomba alishastaafu na kufa, chai tunanunua ya pakiti, na majirani zangu wengi wanapikia gesi. Busanza ninakoishi, milango ya ndani niliitoa mwenyewe nikatundika mapazia. Mume wangu alizoea. Binti yangu ameanza kuwa mkubwa, anataka mlango wake, na kila siku tunabishana. Jana nilikwenda kwa seremala, nikamwambia autengeneze, ila komeo aliweke upande wa ndani.