Mwanamke wa Kitabu na Mama Jirani

Juzi nilirudi Baraka, mji wetu kando ya ziwa, kwa msiba, na nilipopita nyuma ya shule yetu ya zamani nikasikia wanafunzi wanabishana juu ya riwaya ileile tuliyosomeshwa sisi. Msichana mmoja alikuwa akimtetea yule mwanamke wa kitabu, wenzake wanamzomea. Ungeniona, rafiki yangu, ungedhani nimekanyaga kaa la moto. Niliharakisha hadi barabarani.

Ni riwaya ya kale ya Wafaransa. Mume anakwenda vitani, majirani wote wanahama, mke anakataa kuiacha nyumba. Miaka inapita, anachekwa, anakonda, na mwishoni kabisa mume anaingia akiwa hai. Shule nzima ilikuwa na nakala moja, haina jalada. Mwalimu wetu wa Kifaransa alitusomea kwa sauti, kisha kila mmoja wetu akatakiwa kwenda kuisimulia nyumbani kwa Kiswahili. Alikuwa akisema kitabu kisichofika jikoni bado hakijasomwa.

Darasani wavulana walimwita yule mama mjinga. Sisi wasichana tulilia, hasa pale anapouza blanketi lake katikati ya baridi. Mwalimu alitucheka wote.

Jikoni kwetu msikilizaji wangu alikuwa mama jirani. Mume wake alikuwa ameshuka Kalemie kuuza ndakala, dagaa wetu wa ziwani, vita vikafunga njia, na habari zake zikakatika. Kila jioni alikuja tutwange sombe, majani ya mihogo, pamoja, mchi wake na wangu ikipokezana, mawese yakinukia jikoni. Hata salamu hakumaliza.

"Mutoto yangu, ule mwanamuke iko wapi leo? Bwana yake alisharudi?"

Nilipofika kwa wale majirani wanaomcheka, aliwatukana Wafaransa wa watu mmoja mmoja, mpaka nyanya yangu akamwomba apunguze, watoto wanasikia. Siku mume aliporudi kitabuni, mama jirani aliuacha mchi akapiga vigelegele, kisha akakaa akala bukari, ugali wetu, kwa hamu, yeye ambaye siku zile alikuwa akionja tu. Nilivimba kichwa. Nilijiona nami nimekuwa mwalimu.

Halafu watu wa Mboko, kaskazini yetu, wakaanza kupita na magodoro kichwani, wanatuambia vita vinakuja, tusilale. Nyanya akafunga mizigo. Boti la kwenda Kigoma lilikuwa linajaa. Kabla ya kushuka ziwani akaenda kumshika mkono mama jirani.

"Mama, twende. Nyumba banajenga tena."

"Hapana, mama. Nikienda, bwana yangu atanikuta wapi? Ule wa kitabu angekimbia, bwana yake angekuta nyumba butupu." Akanigeukia mimi, nimsaidie. "Si ni vile, mutoto?"

"Ile ni kitabu tu, mama," nikasema.

"Kitabu tu? Basi mwalimu wenu anabafundisha bongo, maneno ya uongo?" Akacheka, akatufungia fungu la ndakala za njiani.

Nilikuwa nimeisimulia riwaya jinsi ilivyo, rafiki yangu, sikutia chumvi hata chembe. Mwalimu alisoma vizuri, nami nilieleza vizuri.

Tukavuka. Ng'ambo, pale boti zinaposhusha watu, wa kwanza kutukimbilia alikuwa mume wake. Kutoka Kalemie alikimbilia Kigoma, akijua watu wa Baraka wote watapitia hapo, na hakuna boti lililofika asilipokee.

"Muke yangu iko wapi?"

"Amebaki," nikamjibu. "Alisema anakungojea."

Alitabasamu. Alitabasamu kama mtu aliyesifiwa mbele ya watu, akamgeukia mwenye boti kuomba nafasi ya kurudi. Nyanya alimshika shati, akamsihi kwa jina la Mungu. Akaibandua mikono ya nyanya polepole, akapanda. Tangu hapo hatukusikia habari zao.

Wakubwa waliniambia mara nyingi kwamba sina kosa. Najua sina. Moyo wangu ndio haujui, na tangu siku zile sijawahi kumsimulia mtoto yeyote hadithi nikaimaliza.

Siku ile ya msiba nilikwenda hadi kwenye kiwanja cha mama jirani. Pana mihogo mirefu, ya watu waliohamia baada ya vita. Wakanikaribisha vizuri, wakanipa kiti. Niliwauliza habari za yule mama na mumewe. Walitazamana, wakasema hata kama palikuwa na nyumba hapo hawakujua. Na mimi sikutaka mengi. Nilitaka kujua tu kama mumewe alimkuta.