Mlango wa Chumbani kwa Njogu

Njogu alikuwa fundi wa mbao Kitengela tangu enzi zile nyumba zilikuwa za kuhesabika na swara walikula nyasi nyuma ya soko. Milango ya watu wa kwanza kujenga pale ni kazi yake, na hakuchoka kuitaja. Ukitembea naye barabarani ungedhani ni chifu anakagua maboma yake.

Basi mwaka ule wa mvua ya El Niño ukapita, akaja Wakhungu kutoka Kakamega, akafungua karakana ng'ambo ya barabara, ana kwa ana na ya Njogu. Huyu Wakhungu hakuwa na haraka. Mbao zikishushwa alizipanga chini ya mabati, akapenyeza vijiti katikati zipate hewa, na mteja akaambiwa asubiri zikauke. Njogu alicheka. Nani Kitengela atasubiri mbao ikauke? Watu wakasubiri. Hata wateja wake wa zamani walivuka barabara, tena wakimpungia mkono, na huo mkono ndio uliomkera zaidi.

Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Njogu alikonda. Alikula akimtazama Wakhungu, akapiga randa akimtazama. Alijifariji kwamba wateja huja na huenda. Kui, mkewe, ndiye aliyejua fundi ni nani. Heshima ya Kui tu ndiyo iliyokuwa imembakia.

Lakini kinyozi hajinyoi. Mvua za Aprili ziliponyesha, ule udongo mweusi wa Kitengela ukavimba kama kawaida yake, ukainua sakafu, na mlango wa chumbani ukakwama. Kui akawa anausukuma kwa bega. Kila asubuhi alisema, "Baba Wanyoike, huu mlango," na kila asubuhi aliambiwa kesho.

Mchana mmoja Njogu alirudi nyumbani akakutana na Wakhungu langoni, anatoka, sanduku la vifaa mkononi. Aliingia ndani akamkabili Kui.

"Huyo alikuwa anatafuta nini kwangu?"

"Nilimwita aangalie mlango," Kui alisema bila kujificha. "Na amekataa kuugusa. Amesema mlango wa fundi hauguswi na fundi mwingine kama mwenyewe hajamwambia. Eti hauna makosa, ni mchanga imevimba, tungoje mvua iishe. Amesema wewe unajua hayo mambo kumshinda."

Yalikuwa maneno ya heshima, na ya kweli. Njogu mwenyewe alikuwa amewaambia wateja wangapi hivyo hivyo! Lakini kwa kuwa yametoka kinywani mwa Wakhungu, yalimchoma. Alichosikia yeye ni kwamba mkewe ameita mwanamume mwingine kwenye mlango wa chumba chao. Angoje? Angoje kwa amri ya nani? Akaung'oa kwenye bawaba, akaulaza uani, akaupiga randa upande wa chini kwa hasira mpaka maranda yakamfunika viatu. Jioni mlango ulifungwa kwa kidole.

"Mwambie Wakhungu aje aone," alimwambia Kui.

Hasira hasara. Agosti udongo ukakauka, ukapasuka nyufa, na sakafu ikarudi chini. Paka alipita chini ya mlango bila kuinama, na vumbi la malori likalala kitandani kabla ya wenyewe. Kui alifagia, akafagia. Kisha akavuka barabara.

Mlango mpya uliletwa Jumamosi mchana, majirani wakiona. Wakhungu alihitaji mtu wa kuushikilia akikaza skrubu, na hapakuwa na mwingine ila Njogu. Akaushikilia. Apondi, jirani yao, akachungulia kutoka uani.

"Kwani Mama Wanyoike, si bwanako ni fundi?"

Njogu alisikiliza. Kui angemcheka, angemtukana, angesema ukweli wote, hayo angeyavumilia.

"Ni fundi," Kui alijibu haraka. "Ni vile tu ako na kazi mingi ya watu."

Njogu, ambaye hakuwa ameuza hata kigoda tangu mvua ziishe, aliinamisha uso nyuma ya mlango wa Wakhungu, akaendelea kuushikilia.