Mawinda ya Swafwan

Shangazi yangu Asiya alikuwa akishona mlangoni, penye mwanga, na mjukuu wake Swafwan amelala kifudifudi mkekani, matako wazi. Kila alichovalishwa kilimchubua. Mapaja yalikuwa mekundu, na akikojoa alilia mpaka sauti ikakauka.

"Nyamaza, mume wangu," shangazi alimwambia. "Nakushonea jingine."

Jirani yetu Mwanarusi, aliyekuwa akichambua mchicha kizingitini, alicheka. "Mume gani huyo, hata samaki mmoja hajakuletea! Tafuta mwenye chombo, shoga."

"Wenye vyombo wana wake wakali. Huyu wangu hana hata meno ya kuning'ata."

Swafwan ni mtoto wa Muhsina, binti pekee wa shangazi, anayefanya kazi ya dobi katika hoteli moja kule Diani. Likizo yake ya uzazi ilipokwisha alimleta mtoto huku Mkwiro kwa mama yake, pamoja na furushi la pampasi. Lakini kisiwa chetu ni mwamba. Shimo la taka halichimbiki kwa jembe. Shangazi alizitupa pampasi chafu nyuma ya mikoko, maji yakajaa, zikarudi zimevimba na kutawanyika ufukweni, mbele ya wanaume waliokuwa wakitoka kuswali Ijumaa. Alijifungia ndani mpaka Alasiri. Alipotoka alisema atamvalisha mjukuu wake mawinda ya leso, kama alivyovalishwa yeye na mama yake.

Akakata leso zake kuukuu, zile zilizokwisha kulainika, akazikunja pembe na kuzipinda kwa mkono, mishono midogo midogo ili uzi usimkwaruze mtoto. Yalikuwa mawinda mazuri. Tatizo lilikuwa maji ya kuyafulia. Kisima chetu ni cha munyu, sabuni haitoi povu, na maji ya mvua yaliyomo kwenye birika kubwa la kijiji ni ya kunywa na kupikia tu. Mwaka ule mvua za vuli zilipita baharini tukizitazama. Nguo ya mtu mzima ikifuliwa kwa munyu huvaliwa hivyo hivyo. Winda likikauka lilikakamaa, na ukoko mweupe ukabaki kwenye upindo.

Shangazi alidhani ni mkojo unaomchoma mtoto, kwamba mawinda ni membamba mno. Akaongeza matabaka: leso, taulo, kisha leso tena. Alikata hata leso alizokuwa akizivalia harusini. Mtoto akazidi kuchubuka.

Siku ile ya kuchambua mchicha Mwanarusi alichukua winda moja kambani, akalipima uzito mkononi, kisha akauweka upindo wake ulimini.

"Asiya, hii ni chumvi. Kila ukilifanya nene ndivyo linavyoshika munyu. Unamkausha mtoto kama samaki wa ng'onda!"

Shangazi alicheka kidogo, kisha akaacha. Aliliramba na yeye. Akakaa amelishika, na sindano bado imening'inia kwenye uzi.

Alikwenda kwa Mzee Makame, msimamizi wa birika, kaka wa marehemu mume wake.

"Shemeji, naomba maji matamu ya kusuuzia nguo za mtoto."

"Kufulia, Asiya?" Mzee alivua kofia, akaivaa tena. "Nikikupa wewe, kesho nimnyime nani?"

Hata hivyo alimpa dumu moja, la nyumbani kwake mwenyewe. Lilisuuza mawinda machache, yakakauka laini, na kabla ya Adhuhuri Swafwan alikuwa ameyamaliza yote.

Jumapili Muhsina alikuja bila kutoa habari. Kwenye simu alikuwa akiambiwa kila siku kwamba mtoto yuko salama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usimfunue, ndiyo kwanza amelala."

Muhsina alimfunua. Alisimama, akageukia ukutani, akarudi tena kumtazama.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba maji yamenishinda?"

"Sisi kazini tunafua hata shuka ambazo hazijalaliwa," alisema Muhsina, akaanza kulia. "Bomba likifunguliwa asubuhi halifungwi."

"Basi chukua mawinda ukayafue huko, uyalete. Nitashona mengine, membamba."

"Mama."

"Wenye mashua watanibebea."

"Namchukua leo, mama. Kuna mwanamke Ukunda, karibu na Kona ya Musa, analea watoto wa wafanyakazi. Anaitwa Kanze. Ana maji uani."

"Analea wangapi?"

Muhsina alikuwa akikusanya vijinguo.

"Akilia atambeba nani, ikiwa ni wengi?"

"Sijui, mama."

Shangazi alifungua mdomo kusema jambo jingine. Mtoto akakojoa, akaamka akipiga kelele, na shangazi akaufunga. Alimpangusa kwa maji ya kunywa yaliyobaki mtungini, polepole, akampuliza mapaja mpaka yakakauka. Kisha akamnyanyua na kumkabidhi mama yake.

"Mshike shingo," alisema.

"Ana miezi saba, mama. Shingo imeshakaza."

"Mshike tu."

Muhsina akamshika shingo.