Klachi ya Pikipiki ya Baba

Klachi ikiungua hutoa harufu kali, kama ya nywele zilizoshika moto, na mwaka ule wa mvua nyingi harufu hiyo ilimfuata baba hadi mezani. Tulikuwa tukiishi Wanyange, chini ya kilima, karibu na ziwa. Baba alikuwa Mteso, askari polisi mjini Jinja. Mama alikuwa Msoga wa Buwenge. Kiswahili cha kambi ya polisi ndicho kilichowakutanisha, nacho ndicho tulichozungumza nyumbani. Mdogo wangu Okiror alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu. Maumivu ya viungo yalipomshika, baba alimpakia kwenye pikipiki, mama akakaa nyuma akimkumbatia, wakapanda kilima kwenda hospitali.

Pikipiki ilianza kuteleza klachi taratibu. Injini ilipiga kelele, lakini gurudumu halikupata nguvu. Baba akawa anakaza waya wa klachi, akikaza tena kesho yake, na hali ikazidi kuwa mbaya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jioni moja, akitoka kazini, ilimshinda kabisa kilimani, akaisukuma hadi nyumbani. Mama hakumpa pole. Alimtazama tu Okiror.

Baba akaenda kwa Bwana Gurmit, Kalasinga aliyekuwa na duka la vipuri mjini, akanichukua pamoja naye.

“Afande, umeweka oili gani?” mzee akauliza.

“Ya gari. Dereva wetu wa kituoni alinipa.”

“Basi ndiyo hiyo! Klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili. Ukiweka ya gari, inateleza kama samaki. Na huo waya uache ulegee kidogo.”

Alitupatia sahani mpya za klachi na oili inayofaa, akasisitiza tuziloweke sahani kwenye oili kabla ya kuzifunga.

Jumapili, baada ya kanisa, baba alitandika gunia uani, akamwaga oili ya zamani na kufungua kifuniko cha injini. Sahani za zamani zilikuwa nyeusi, zimelainika kama kioo. Mpya zilikuwa zimelala kwenye beseni la oili tuliposikia Okiror akilia ndani. Maumivu ya magoti. Mama akatoka naye mgongoni. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, magari ya abiria hayakushuka tena kwetu, na boda boda zilikuwa za kuhesabika.

“Nimbebe kwa miguu?” mama akauliza.

Baba akatazama kilima, kisha injini iliyokuwa wazi. “Utachelewa. Nipe muda kidogo.”

“Basi usiharakishe,” mama akasema. “Funga vizuri.”

Sijaona tena mikono ikifanya kazi namna ile. Alipanga sahani moja baada ya nyingine, akarudisha springi, akakaza bolti kidogo kidogo huku na huku ili kifuniko kikae sawa. Mama alisimama akimbembeleza Okiror kwa Kisoga. Baba akamimina oili, akaulegeza waya, akapiga kiki. Wakaondoka. Nilibaki mlangoni nikisikiliza. Walipofika penye mwinuko nikaziba mdomo kwa kiganja. Lakini injini haikupiga yowe. Ilinguruma kwa uzito, ikapanda, ikapanda, hadi ikapotelea upande wa pili. Nikaketi kizingitini nikalia kwa furaha.

Okiror alirudi baada ya siku chache, akidai muwa.

Sasa naishi Nkoma, Mbale. Nikipiga simu, boda boda hufika kabla sijavaa viatu. Okiror ana ndevu, anameza dawa zake kila siku, na akija kututembelea hubishana na mume wangu kuhusu mpira mpaka chai inapoa. Wanangu hunionea wivu nikiwasimulia habari za ziwa, miwa na mvua. Wapo wanaotamani utoto wao urudi. Mimi nashukuru kwamba wangu umepita, na kwamba tumeuvuka sote.