Mkanda Uliomo Ndani

Kila asubuhi mpiga picha wa Mambrui huifuta kamera yake kuukuu kwa pindo la kikoi, akaipeleka jichoni, kidole kikatua juu ya kitufe bila kukibonyeza. Tangu afiwe na mkewe hajapiga picha hata moja, na mikono imeanza kutetemeka. Rufaida, bintiye, amemtafutia duka Malindi lililo tayari kuichukua hiyo kuukuu na kumpa mpya isiyotaka mkanda.

“Baba, leo twende?”

Akakohoa, kikohozi kile kile cha kuwatuliza maharusi kabla hajawapiga picha. “Nikiitoa, lazima niutoe mkanda. Mamako yumo humu, anachana nywele, kichwa wazi. Kuosha picha kwa mikono hii siwezi tena. Na nikiupeleka studio, mwanamume mwingine atamuona kabla yangu.” Akaipapasa kamera. “Nami natamani kumuona, mwanangu. Natamani mno.”

Rufaida akavua viatu alivyokwisha kuvaa. “Mimi nimemsuka nywele hizo, Baba. Nifunze kuosha.”

Mzee akakohoa.

“Funga madirisha,” akasema. “Na pale chini ya mlango, pazibe, mwanga usipenye.”