Deki ya Kukhu

Mchoma dividii wa duka lililo mkabala na posta hushika kila diski ukingoni kwa vidole viwili, huipuliza, kisha huigeuzageuza penye mwanga wa dirisha. Huiambia kompyuta kwa sauti ya chini, "Haya, ingia polepole." Nilikuwepo mteja wake Awinja aliporudi kutoka Navakholo, kwa nyanya yake, mara ya pili na dividii ya harusi yake. Kukhu, ndivyo anavyomwita nyanya huyo, hakuweza kusafiri kuja harusini, na kwenye simu macho yake hayaoni kitu.

"Si hapa inachezanga?" mchomaji alimwuliza.

"Kwako inacheza. Kwa kukhu ni sauti tu, picha hakuna. Ananiuliza gauni lilikuwa la namna gani mpaka nimechoka kueleza."

Safari hii alikuwa amebeba deki yenyewe, mashine ya kukhu ya kuchezea dividii, imefungwa kwa leso. Mchomaji alibadilisha muundo wa faili, akachoma, akajaribu kwenye deki hiyo. Giza tupu. Akakuna kichwa, akabadilisha tena, na bi harusi akatokea kwenye skrini. Mchomaji hakutabasamu. Aliacha kiganja juu ya deki mpaka keki ikakatwa.

"Umefanya nini?" nilimwuliza.

"Hata sijui," alisema, akiifunga deki kwa leso, kisha akamgeukia Awinja. "Dada, mpelekee haraka, kabla haijakataa tena."